Bakuli Lenye Chokaa



Ukiteremka stesheni ya Stanmore, pale inapoishia reli ya Jubilee, hutembei mbali kabla hujasikia Kiswahili. Wengi kutoka Unguja, Dar es Salaam na Mombasa wametua upande huu, na Makhoja Ithnaashari wana kituo chao kikubwa Wood Lane. Nami nimo humo, na maradhi yangu ambayo mke wangu ameshakata tamaa nayo: nakusanya sahani za kale za Kijapani.

Napenda hasa zile ziitwazo Imari. Imari ni jina la bandari tu. Vyombo vyenyewe vilichomwa Arita, katika kisiwa cha Kyushu. China ilipovurugwa na vita vya kuanguka kwa utawala wa Ming, Wadachi walikosa kauri za kuuza, wakageukia Japani, na mwaka 1659 waliagiza shehena kubwa kupitia Nagasaki. Buluu iko chini ya mng'aro. Nyekundu na dhahabu zimepakwa juu yake. Mafundi wa Arita walijua kazi yao inakwenda ng'ambo, na walilipwa. Kwa hiyo nikiitundika sahani yao ukutani kwangu, silali na deni.

Miaka michache iliyopita, kwenye mnada wa vitu vya kale, nilinunua boksi la vyombo mchanganyiko kwa ajili ya sahani moja ya Imari iliyokuwa juu. Chini yake, ndani ya gazeti, mlikuwa na bakuli dogo la Kichina, buluu na nyeupe. Kitakoni limegandwa na chokaa ngumu, yenye chembe za matumbawe. Muuzaji alisema ni uchafu, nilioshe kwa siki.

Sikuliosha. Jirani yangu, bibi wa Kiunguja ambaye sote twamwita Bi Mkubwa, alikuja kunywa chai, akaligeuza mkononi.

"Mwanangu, hili umelipata wapi? Hili si la mezani. Hili la kaburini."

Nilikwenda Kunduchi na shule nilipokuwa mdogo. Makaburi yale ya karne ya 18 yalijengwa kwa mawe na chokaa, yakapambwa kwa vyombo vya Kichina. Sisi watoto tuliona zaidi matundu ya duara kuliko vyombo, maana vingi vilishabanduliwa. Tukatia ngumi zetu humo na kucheka. Mambrui nako, kaskazini ya Malindi, mnara wa kaburi ulipambwa kwa mabakuli ya enzi za Ming.

Sasa nijitetee. Sikubandua mimi. Nisingenunua mimi, angenunua mwingine, tena angeliosha kwa siki. Na huko ukutani lingepasuliwa na mvua au na mawe ya watoto kama sisi. Hoja hizi zote nimezisema kwa sauti jikoni kwangu, na zinasikika vizuri mpaka unapokumbuka kwamba kila aliyewahi kushika mali ya mtu alikuwa nazo.

Tofauti ninayoiona mimi ni hii. Sahani ya Arita iliuzwa na mwenyewe. Bakuli hili nalo liliuzwa mara moja, na Mchina, likaja na upepo wa kaskazi. Lakini kisha jamaa fulani wa pwani walilitoa katika biashara. Walimpa maiti wao, wakalifungia kwa chokaa lisirudi sokoni tena. Fedha yangu ndiyo iliyolirudisha sokoni, hata kama mkono wa mwingine ulitangulia.

Sheria? Tanganyika ilikuwa na Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na Uingereza ilijiunga na mkataba wa UNESCO wa 1970 mwaka 2002. Lakini sijui bakuli lilibanduliwa lini, wala ukuta gani, na chokaa ya Kunduchi siwezi kuitofautisha na ya Mambrui. Nilirudishe kwa nani basi? Makumbusho ya Dar es Salaam au ya Kenya? Nimeandika barua mbili. Zote ziko mezani, na naona haya kukiri kwamba sehemu ya ucheleweshaji huu si shaka, ni kwamba bakuli ni zuri.

Kabatini sijaliweka. Nimelifunga katika kanga, liko peke yake juu ya friji. Bi Mkubwa akija hulitazama kwanza, kabla hata hajavua koti.

"Bado mgeni yupo?" huuliza.

"Bado, Bi Mkubwa."

Naye hukaa, akasubiri chai.