Bunduki Iliyobadilishwa Mtutu: Je, Ni Ileile?

Mtutu wa bunduki ya M1 Garand huliwa kwa ndani. Kila risasi inapopigwa, gesi ya baruti yenye joto kali huunguza mwanzo wa mtutu, na michirizi inayoizungusha risasi hufutika kidogokidogo. Risasi za enzi za Vita Vikuu vya Pili zilizidisha madhara, kwani fataki zake ziliacha chumvi iletayo kutu. Bunduki hiyo ya nusu-otomatiki, kazi ya John Garand wa Springfield Armory, ilipokewa na jeshi la Marekani mwaka 1936. Baada ya vita hivyo, bunduki nyingi zilirudishwa karakana: zikafungwa mitutu mipya, na pengine komeo, silinda ya gesi na kitako cha mbao. Vipuri vya bunduki moja viliishia kwenye nyingine.

Je, iliyotoka karakana ndiyo iliyoingia? Swali hili ni kongwe. Plutarch, mwandishi wa kale, alisimulia kuwa Waathene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, na wanafalsafa wakagawanyika juu yake. Mwaka 1655 mwanafalsafa Thomas Hobbes alilikaza fundo: kama mtu angeziweka zile mbao kuukuu na kuziunganisha tena kwa mpangilio wake, ipi ingekuwa merikebu ya Theseus?

Kuhusu bunduki, sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 hujibu kwa mkato. Silaha ni kile kiunzi cha chuma kinachoshika mtutu na komeo, chenye namba iliyochongwa. Mtutu ni kipuri tu. Jibu hilo lafaa kwa daftari la usajili, lakini halionyeshi kwamba nafsi ya bunduki imefichwa katika kipande hicho. Umoja wa Ulaya huuhesabu mtutu nao kuwa sehemu ya msingi ya silaha. Chuma ni kilekile. Kilichotofautiana ni uamuzi wa watunga sheria.

Mwanafalsafa John Locke anasaidia zaidi. Aliona kwamba mti wa mwaloni hubaki uleule, ingawa chembe zake hubadilika, kwa sababu uhai mmoja unaendelea ndani yake. Bunduki haina uhai, wala haijitengenezi. Lakini ina mfululizo wa kazi na matunzo: kila kipuri kipya kilifungwa ili chombo kilekile kiendelee kutumika, na kila badiliko ni sehemu ya historia yake.

Kwa kipimo hicho, desturi ya baadhi ya wakusanyaji ni kosa. Wao hukiondoa kilichofungwa karakana, wakatafuta vipuri vya mwaka 1943 kutoka bunduki nyingine, kisha wakaiita “halisi”. Mkusanyiko huo haukuwahi kuwapo mwaka 1943. Bunduki yenye kiunzi cha mwaka huo na mtutu wa mwaka 1952 ndiyo iliyobaki ileile.