Mstari Chini ya Jina

Kila kitabu cha kitaaluma kina mstari mmoja ambao wasomaji wengi huuruka. Aghalabu uko chini ya jina la mwandishi, au kwenye jalada la nyuma kando ya picha yake: chuo kikuu fulani, mji fulani. Tumezoea kuuona kama anwani ya barua tu. Lakini mstari huo ni ushahidi. Unasema kwamba kazi hii ilifanyiwa hapa, miongoni mwa watu hawa, kwa vitabu vya maktaba hii, na kwamba watu hawa wako tayari kuijibia pamoja na mwandishi. Swali ninalotaka kulitafakari ni hili: je, mwandishi ana haki ya kuuuza?

Swali lenyewe si la kubuni. Mwishoni mwa mwaka 2011 jarida la Science la Marekani lilieleza jinsi Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, kilichoanzishwa Jeddah mwaka 1967, kilivyokuwa kikiwapa mikataba wanasayansi mashuhuri wa Ulaya na Marekani. Malipo yalikuwa kiasi cha dola 72,000 kwa mwaka. Sharti la kuwapo chuoni lilikuwa majuma matatu katika mwaka mzima. Sharti zito zaidi lilikuwa kukitaja chuo hicho kuwa taasisi yao ya pili. Taarifa hiyo ilikigusa pia Chuo Kikuu cha Mfalme Saud cha Riyadh. Mwaka 2023 gazeti la El País la Hispania likaandika habari za mkemia wa Chuo Kikuu cha Córdoba aliyesimamishwa kazi bila mshahara kwa miaka 13, kwa kuwa alikuwa mwajiriwa kamili wa Córdoba huku akiziandika tafiti zake pia kwa jina la chuo hicho cha Riyadh na la chuo kingine cha Moscow.

Mantiki ya biashara hii ni nyepesi. Orodha ya vyuo bora inayotolewa Shanghai tangu mwaka 2003 hutenga alama 20 katika kila 100 kwa ajili ya watafiti wanaonukuliwa sana. Mtafiti akihamisha anwani yake, alama huhama naye, hata kama yeye mwenyewe hajahamisha kikombe chake cha kahawa kutoka meza moja hadi nyingine. Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Katika soko hili methali imepinduliwa: asiyekuwapo ndiye ambaye lake lipo, tena lina bei.

Ni rahisi kumaliza shauri hapa kwa kuwatupia lawama Waarabu na mafuta yao, na hukumu ya namna hiyo ingekuwa ya uvivu. Mizani ilitengenezwa Shanghai. Waliotia sahihi walikuwa maprofesa wa nchi zinazojiona kuwa walinzi wa maadili ya elimu. Isitoshe, katika vyuo hivyo viwili wamo walimu wanaoishi Riyadh na Jeddah, wanaofundisha huko asubuhi na kusahihisha kazi za wanafunzi usiku. Hao ndio wa kwanza kudhulumiwa, maana mgeni wa majuma matatu huwafanya nao washukiwe.

Tuwasikilize pia wanaoitetea biashara hiyo. Wanasema kwamba mkataba upo na majuma matatu yapo, kwa hiyo uongo uko wapi? Wanaongeza kwamba wanazuoni wamefadhiliwa na wenye mali tangu kale. Hilo la pili ni kweli. Ibn Khaldun aliiandika Muqaddima mwaka 1377 akiwa katika ngome ya Ibn Salama, katika nchi iitwayo leo Algeria, chini ya hifadhi ya kabila lililomkaribisha. Kisha akaenda Tunis kwa kuwa alihitaji vitabu, na huko akamtunukia sultani nakala ya kazi yake. Hatumwiti mfanyabiashara kwa sababu hiyo. Lakini angalia jinsi tunavyoyajua haya yote: aliyaandika mwenyewe katika tawasifu yake. Alitaja ngome, wenyeji wake, maktaba na sultani. Ufadhili wake ulikaa juani, na msomaji anaweza kuupima.

Hoja ya kwanza ndiyo ngumu, na jibu lake linapatikana katika elimu iliyokuwa ikiwavusha bahari wanazuoni wa pwani yetu kupitia bandari hiyo hiyo ya Jeddah, mlango wa Makka. Mabingwa wa hadithi hawakuuliza tu kama mpokezi ni mkweli. Waliuliza pia: je, walikutana? Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, anajulikana kwa kutaka ithibati kwamba mpokezi alikutana na yule anayepokea kutoka kwake. Imamu Muslim, aliyefariki miaka mitano baadaye, alitosheka na kwamba waliishi zama moja na kukutana kwao kuliwezekana. Nao wote walilijua kosa liitwalo tadlisi. Mwenye kufanya tadlisi hasemi neno la uongo. Yeye husema “kutoka kwa fulani,” ambaye pengine aliwahi kukutana naye kweli, akamwacha msikilizaji adhani kwamba habari hii hasa aliisikia kinywani mwake, ilhali aliipata kwa mtu mwingine ambaye hakumtaja. Kila neno lake ni sahihi. Picha inayobaki akilini mwa msikilizaji ndiyo ya uongo.

Sioni jina linalofaa zaidi. Mstari wa Jeddah chini ya jina la profesa anayeishi na kufanya kazi Ulaya ni tadlisi. Mkataba ni wa kweli, safari ni ya kweli, lakini msomaji anaachwa aamini kwamba elimu hii ilizaliwa mahali ambapo haikuzaliwa.

Mtu wa fasihi au historia anaweza kusema kwamba hayo ni ya wanasayansi. Kwa namna fulani amesema kweli. Mizani ya Shanghai huhesabu makala za majarida. Vitabu haivihesabu, na orodha ya wanaonukuliwa sana haina mlango wa fasihi. Mwalimu aliyetumia miaka kumi kuandika kitabu kizima juu ya utenzi mmoja hana alama ya kumuuzia mtu. Lakini asidhani kwamba mizani isiyomwona haimgusi. Ndiyo inayomfanya mkuu wake wa idara amshauri akikate kitabu vipande sita, kila kipande makala. Ndiyo pia inayomfundisha kwamba jina la chuo ni kama vazi, na kwamba vazi la ugenini hupendeza zaidi.

Hapa jambo linatufikia sisi. Tuseme mwalimu wa Afrika Mashariki amepata ufadhili wa miezi mitatu katika chuo maarufu cha Ulaya au cha Ghuba. Kitabu chake kilikwisha kuandikwa nyumbani: katika likizo aliyopewa na chuo chake, na katika baraza ambako wazee walimsomea miswada na kumfasiria maneno yaliyokufa. Kinapotoka, chini ya jina lake mna chuo kile kikubwa peke yake. Wazee wamekuwa “watoa taarifa wetu” katika ukurasa wa shukrani, na chuo kilichomlipa mshahara miaka yote hakionekani. Hakuna aliyesema uongo. Walikutana kweli, kwa miezi mitatu.

Lugha yetu inaijua hasara hiyo. Mwaka 1903 kitabu cha desturi za Waswahili kilitoka Göttingen, jina la Carl Velten likiwa mbele kama mkusanyaji. Sehemu kubwa ya maandishi yake ilikuwa kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Velten alikusanya kweli, na neno “mkusanyaji” halina uongo ndani yake. Hata hivyo ilichukua hadi 1981, katika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, jina la Mtoro kuwekwa mbele ya kazi yake. Miaka 78 ni umri wa mtu mzima, na Mtoro hakuwapo tena kuliona.

Wale mabingwa wa hadithi walikuwa na busara katika hukumu yao pia. Mpokezi mwaminifu aliyejulikana kwa tadlisi hawakumtupa moja kwa moja, wengi wao walimkubali pale tu aliposema waziwazi, “nimesikia.” Mwandishi wa kitabu ana neema ambayo mwandishi wa makala hana: ana dibaji. Ana kurasa za kutosha kusema alikaa wapi, kwa muda gani, nani alimlipa, nani alimfundisha, na nani alimsahihisha. Basi kipimo ninachopendekeza ni chepesi. Kabla ya kuandika mstari chini ya jina, jaribu kuurefusha uwe sentensi kamili katika dibaji: “Niliishi Jeddah majuma matatu kila mwaka, nikalipwa ili jina la chuo liwe hapa.” Ikiwa sentensi hiyo inaweza kuchapishwa bila uso kukuiva, mstari ni halali, na hakuna wa kukulaumu kwa fedha. Ikiwa haiwezi, hata mkataba ukiwa na mihuri mitatu, umekwisha kuijua hukumu.

Na yule mwalimu wa miezi mitatu ana nafasi bado. Kazi yake iko kwa mchapishaji, na kurasa za mwanzo husahihishwa mwisho. Anaweza kukirudisha chuo chake chini ya jina lake, kisha akawaandika wale wazee kwa majina yao, mmoja mmoja, ikiwa wenyewe wameridhia, na kile ambacho kila mmoja alimfundisha.