Odeon Bila Filamu

Makanga akiita "Odeon! Odeon!" kila mtu anajua ni steji gani. Nimeshuka hapo mara nyingi na sijawahi kuona filamu. Globe nayo imebaki jina la raundabauti. Sinema zilikufa, majina yakaingia barabarani kutafuta riziki.

Sasa tukidai majengo haya yakarabatiwe, ni kwa ajili ya nani? Enzi ya ukoloni, serikali iliamua filamu gani Mwafrika asione. Tukipaka kuta rangi na kunyamazia hayo, tumehifadhi uongo. Na tiketi ikimeza pesa ya siku nzima ya mtu wa mjengo, tumemfungia mlango tena, safari hii kwa bei.

Angalia Shan pale Ngara. Iligeuzwa Sarakasi Dome, wanasarakasi wakapata pa kufanyia mazoezi na maonyesho. Kuna watakaosema hiyo si kuhifadhi. Mimi naona ni kuhifadhi kabisa, maana kitu cha thamani mle ndani kilikuwa watu wasiojuana kukaa gizani na kucheka pamoja. Simu yangu ina filamu tele, lakini hiyo haijawahi kunipa.