Tunu ya Mtoto wa Matonge

Kiswahili kina majina mengi ya kitu atoacho mtu bila kudai malipo: zawadi, hidaya, hiba, tunu. Katika hayo, tunu ndilo lenye masharti makubwa zaidi, kwa kuwa hutaka kitu kiwe na thamani na pia kiwe adimu. Anayemtafutia mtoto wa miaka mitano zawadi ya siku ya kuzaliwa, isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote, anatafuta tunu. Swali ni hili: upekee huo anautafuta kwa ajili ya nani?

Swali hilo lina uzito wake Matonge, mtaa wa Ixelles jijini Brussels ulioazima jina lake Kinshasa. Katika maduka ya Chaussée de Wavre, mtu anayetaka kumpa mtoto kitu cha nyumbani hukimbilia vitambaa. Hununua kitenge, akashonesha gauni dogo, akaridhika kwamba amepata kitu cha asili. Lakini kitenge cha waksi kinachosifiwa kuliko vyote hutoka Helmond, Uholanzi, katika kiwanda cha Vlisco kilichoanzishwa mwaka 1846, na ufundi wake ulianza kwa kuiga batiki za Java. Haina maana kwamba kitenge si chetu. Mama zetu wamekifanya chetu kwa kukivaa, kukipa majina na kukirithisha. Kumbe kitu hakizaliwi na upekee; hupewa upekee na mikono inayokipitisha.

Tena upekee si neema tupu. Mtoto aliyezaliwa Brussels kwa wazazi wa Bukavu au Lubumbashi huenda tayari anao wa kumtosha: darasani jina lake huulizwa mara mbili, na nywele zake huguswa bila ruhusa. Anapotamani mwanasesere yuleyule aliye naye jirani yake, hajaisahau asili yake. Anaomba kuwa mmoja miongoni mwa wenzake. Mkubwa anayemnyima hilo, akampa kinyago cha kuwekwa juu ya kabati, amempa hamu yake mwenyewe ya nyumbani, ikiwa imefungwa kwa karatasi ya rangi. Je, ni haki kumtwika mtoto kumbukumbu zisizo zake, kisha tukamtaka ashukuru?

Mwaka 1925 Mfaransa Marcel Mauss alichapisha insha yake mashuhuri juu ya zawadi, akieleza kwamba zawadi huambatana na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Mtoto wa miaka mitano hana cha kurudisha. Mtu angeweza kusema kwamba hapo hoja imekatika, lakini naona imegeuka tu: deni ambalo mpokeaji hawezi kulibeba humwangukia mtoaji. Anayempa mtoto baiskeli amejifunga kukimbia nyuma yake huku ameshika kiti. Anayempa kitabu amejifunga kumsomea, hata jioni ya arobaini, wakati yeye mwenyewe amekwisha kukichoka.

Wazee wa pwani walilijua hilo. Hadithi yao ilianza kwa "Paukwa!" na haikuendelea mpaka mtoto aitikie "Pakawa!" Ilikuwa zawadi isiyoweza kufunguliwa na mtu mmoja. Watakuwapo watakaosema kwamba maneno hayashikiki, na kwamba mtoto anataka kitu cha kukumbatia usiku. Wana haki. Wala kusifu muda kuliko vitu si faraja ya bure kwa wasio na fedha, kwa kuwa kwa mama anayefanya kazi za usafi alfajiri na kurudi usiku, saa moja ya jioni ni ghali kuliko mwanasesere. Methali isemayo "kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" tumezoea kumliwaza nayo maskini. Matonge humhusu zaidi mwenye nacho, anayeleta sanduku kubwa kila mwaka, akaondoka kabla halijafunguliwa.

Basi mtoto na apewe mwanasesere anayemtaka, hata kama yumo katika kila duka la Brussels. Aliyemletea ndiye wa kuulizwa: utarudi lini kucheza naye?