Meupe Zaidi Kuliko Nini?

Mtu aliyefundisha hesabu kwa miaka mingi hawezi kusoma boksi la dawa ya meno bila kutamani kalamu nyekundu. Mwaka jana, nikitoka Biharamulo kurudi kwangu Ngara, nilinunua dawa ya meno katika duka moja pale njia panda. Boksi lilisema kwamba dawa hiyo hufanya meno kuwa meupe zaidi, ina nguvu mara 3, hulinda kinywa kwa saa 12, na inapendekezwa na madaktari 9 kati ya 10. Jioni ile nikaiandikia kampuni barua.

Niliuliza hivi: Meupe zaidi kuliko nini? Kuliko yalivyokuwa jana, kuliko ya jirani, au kuliko mkaa? Nguvu mara 3 ya nini? Kama ni mara 3 ya kijiti alichotafuna marehemu babu, mbona yeye alizikwa na meno yake yote, nami nimebakiwa na 19? Je, kwa meno hayo 19 nitapunguziwa bei? Na nikipiga mswaki saa 12 asubuhi, je, saa 12 jioni mlinzi huondoka zamuni hata kama bado ninakula ndizi? Mwisho, yule daktari wa 10 alisema nini? Ningependa kuonana naye.

Wajukuu walicheka sana. Lakini swali la mwisho si mzaha. Mwaka 2007 huko Uingereza, chombo kinachosimamia matangazo ya biashara kililikataa tangazo la Colgate lililosema kwamba zaidi ya asilimia 80 ya madaktari wa meno wanaipendekeza. Namba hiyo haikubuniwa. Madaktari waliulizwa kwa simu, na kila mmoja aliweza kutaja dawa zaidi ya moja. Dawa ya mshindani nayo ilitajwa karibu sawa. Lakini msomaji alielewa kwamba madaktari hao waliichagua hiyo na kuziacha nyingine. Kwetu pia, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi.

Sasa tujiulize: mtu akisema neno la kweli, huku akijua kwamba msikilizaji ataelewa lisilo kweli, je, amesema uongo? Nilikuwa tayari kuihukumu kampuni ile, nikakumbuka jambo.

Miaka ya 1980 nilikuwa mkuu wa shule ya msingi. Katika mkutano wa wazazi nilisimama nikatangaza kwamba idadi ya wanafunzi wetu waliochaguliwa kwenda sekondari imeongezeka maradufu. Wazazi wakapiga makofi. Mzee mmoja wa kijiji cha mbali akamhamisha binti yake, akamweka kwa shangazi yake ili asome kwetu. Mwaka uliofuata hakuchaguliwa hata mtoto mmoja. Mzee akaja ofisini, akavua kofia.

"Mwalimu, ile maradufu ilikuwa watoto wangapi?"

"Wawili."

"Na mwaka wa kabla yake?"

"Mmoja."

Akasema, "Kumbe." Akanishukuru, akaondoka na binti yake.

Sikuwa nimekosea hesabu. Wala shule yetu haikuwa mbaya, kama vile dawa ya meno yenye floridi isivyo mbaya. Kwa kweli husaidia kuzuia meno kuoza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikitembeza kizuri kwa sababu niliogopa kwamba ukweli wake mdogo hautapigiwa makofi. Mzee yule aliniamini kama mwalimu, nami nikamwachia kazi ya kujidanganya mwenyewe. Leo naona kwamba huo ni uongo, na ni mbaya kuliko ule wa wazi, maana mwenye kuusema hulala usingizi.

Kabla ya kufunga bahasha nilijiuliza kama nina haki ya kuuliza. Nimeona ninayo, kwa kuwa swali lenyewe si langu. Ni la mzee yule, naye alistahili kujibiwa pale pale mkutanini, kabla ya kuuliza. Barua nimeitia posta.