Jina ni Mali ya Nani?

Msomaji, katika darasa moja la Likoni au Changamwe yamkini wamo akina Salim wawili. Hapana aliyemwibia mwenzake. Kila mmoja alirithi jina la babu yake, na mwalimu huwapambanua kwa majina ya baba zao.

Je, vikundi vya muziki navyo? Mwaka 1971 Wilson na George Kinyonga, ndugu walioanza muziki Tanga, walifika Mombasa wakaunda bendi ya Simba Wanyika, yaani simba wa nyika. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wao walijitenga wakaunda Les Wanyika. Baadaye Issa Juma akaongoza Super Wanyika. Simba alibaki kwa wenyewe, nyika ikagawanywa.

Wako waonao kuwa huo ni wizi. Mimi sioni hivyo. Waliotoka walikuwa wameilima nyika ile kwa jasho lao, na sifa ya jina ilikuwa kazi yao pia. Tena waliongeza neno la kuwatenga na wenzao. Dhuluma ingalikuwa kulitwaa jina zima, ili mnunuzi wa santuri ampe huyu fedha akidhani anampa yule. Hapo angaliibiwa mwenye jina, na msikilizaji pia.

Jina, basi, ni amana. Ukilishiriki, sema wazi u nani. Salim wa pili hana kosa kuitwa Salim. Kosa lake huanza siku anapoipokea zawadi ya Salim wa kwanza, akanyamaza.