Silaha za Sauli na Gari la Baba



Familia moja yataka kulifufua gari la marehemu baba yao, Peugeot 404, aina iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Injini imekufa. Kifungua mimba ataka ileile ya cc 1,618. Wa pili asema vipuri ni shida, afadhali ya Peugeot 504 yenye cc 1,796, maana ni ya ukoo uleule. Kitinda mimba ataka injini ya Kijapani yenye nguvu maradufu. Sasa hawasemezani.

Someni 1 Samweli 17:38-40. Daudi alivikwa silaha za mfalme. Hazikuwa mbaya, lakini akazivua, kwa kuwa hakuwa amezijaribu. Ndivyo ilivyo kwa gari. Breki, giaboksi na difu za 404 zilipimwa kwa nguvu yake. Ukizidisha nguvu maradufu bila kuvibadili hivyo vyote, waweza kuvunja difu, au kushindwa kusimama mteremkoni na watoto wamo ndani. Kwa hiyo fundi mwaminifu haulizi kwanza, “Ipi ni kubwa?” Huuliza, “Mwili huu waweza kubeba nini?”

Na nyumba nayo ni mwili. Wa kwanza na wa pili wote wana hoja njema. Yeyote kati yao akimwachia mwenzake, gari litatembea. Bali ugomvi ni mzigo ambao nyumba ya baba haikupimwa kuubeba. Gari laweza kungoja juu ya mawe, upatanisho usingoje.

Bwana atupe hekima ya kuvua yasiyotufaa. Amina.